Sura ya Saba: Ukubwa wa Boksi, Uimara wa Kiungo

Siku za Idi meza za midoli pale Mchukwi, wilayani Kibiti, hujaa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Watoto wamevaa nguo mpya, mkononi wana noti walizopewa na wajomba na mashangazi kama mkono wa Idi, na barabara ya Kilwa inapita mbele yao na mabasi yake ya Lindi na Mtwara. Mezani kuna bastola za plastiki, miwani ya jua, wanasesere wenye nywele za manjano na seti za vyombo vidogo vya kupikia. Wavulana wengi, na wasichana si haba, macho yao hutua kwanza kwenye gari linalogeuka roboti. Limekaa ndani ya boksi lenye dirisha la nailoni, limefungwa kwa vijiwaya, na picha iliyochapishwa juu ya boksi inaonyesha kitu kikubwa na cha kutisha kuliko kilichomo ndani.

Msimu wa pili wa midoli ni wa korosho. Fedha za mnada zikiingia, baba aliyekuwa akiahidi tangu masika hana tena pa kujifichia. Anasimama mbele ya meza na mwanawe, na kuna roboti mbili. Moja ina urefu wa kutoka kiwiko cha mtoto hadi ncha za vidole. Nyingine inaenea kiganjani. Bei ni ileile, au kubwa imezidi kidogo tu. Mtoto ataonyesha kubwa. Mzazi naye mara nyingi atakubali, maana fedha ikitoka mfukoni mtu anataka ionekane imekwenda wapi.

Katika sura hii naitetea ile ndogo. Siitetei kwa sababu ya uzuri wake, kwa kuwa mara nyingi kubwa ndiyo yenye rangi kali na taa kifuani. Naitetea kwa sababu ya kile kinachotokea wiki mbili baada ya Idi, wakati roboti nyingi zilizonunuliwa kwa furaha zimeshakuwa gari lisilogeuka tena, au roboti isiyo na mkono wa kulia.

Kwanza tujue kitu hiki kilitoka wapi, maana ugomvi wa ukubwa na bei ulizaliwa nacho. Mwaka 1980 kampuni ya Takara ya Japani ilianza kutoa midoli iliyoitwa Diaclone: magari na mashine zilizogeuka roboti, kila moja ikiwa na dereva wake wa takriban sentimita 3 mwenye sumaku kwenye nyayo. Gari halisi lilikuwa limepunguzwa hadi kuenea mkononi. Mwaka 1983 kampuni hiyohiyo ikaja na Micro Change, na humo ikafanya kinyume. Ilichukua vitu ambavyo tayari ni vidogo, kama bastola, kaseti, kamera na hadubini, ikavitengeneza kwa ukubwa unaokaribia ule wa kweli, navyo vikageuka roboti.

Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilizichukua familia hizo mbili, ikazichanganya na kuzipa jina moja: Transformers. Majina na tabia za roboti zile viliandikwa kwa kiasi kikubwa na Bob Budiansky, mhariri wa kampuni ya vibonzo ya Marvel. Hadithi ikapendwa, katuni ikaonyeshwa kwenye televisheni mwaka huohuo, na midoli ikauzwa kwa wingi. Lakini ukizisimamisha roboti zile pamoja, vipimo havikubaliani kabisa. Lori kubwa, yaani Optimus Prime, linasimama uso kwa uso na bastola iliyogeuka Megatron, na katika hadithi wao ni mahasimu wa kimo kimoja. Bumblebee alikuwa kigari kidogo cha Volkswagen. Udogo wake ulitokana na mahali alipopangwa dukani, kwenye midoli ya bei ya chini. Katika hadithi akafanywa mdogo wa wenzake, mpendwa wa watoto, kwa sababu mdoli wake ulikuwa mdogo. Bei ndiyo iliyomfinyanga.

Hilo halijabadilika hadi leo. Hasbro huzigawa roboti zake kwa madaraja yenye majina: Deluxe, Voyager, Leader, Titan. Mnunuzi hudhani haya ni majina ya ukubwa. Kwa kweli ni majina ya bei. Roboti ya Deluxe huwa na takriban sentimita 14, ya Voyager kama 18, na ya Leader huzidi hapo. Ila gharama za plastiki, usafiri na mishahara zikipanda, kampuni huona ni afadhali kuipunguza roboti au kuitoboa mikono iwe wazi kwa ndani kuliko kulipandisha daraja zima bei. Wakusanyaji wa zamani wakiipanga Deluxe ya mwaka huu kando ya Deluxe ya miaka 15 iliyopita huiona tofauti hiyo kwa macho.

Ndiyo, wapo watu wazima wanaokusanya vitu hivi. Wapo Japani, Marekani, Ulaya na China, na wengi wao walianza utotoni. Hupima kimo kwa rula na uzito kwa mizani ya gramu. Hupiga picha mbili kwa kila roboti, moja ikiwa imesimama na nyingine ikiwa gari, kisha hubishana. Kuna atakayeona ni upotevu wa muda. Mimi naona ni elimu, na elimu hiyo haina sababu ya kuishia kwao, kwa kuwa mambo waliyoyagundua ni yaleyale yanayomhusu mama aliyesimama mbele ya meza pale Mchukwi.

Jambo la kwanza walilogundua ni kwamba ukubwa una adhabu yake. Chukua roboti, uikuze mara mbili kila upande: urefu, upana, kina, hata unene wa plastiki. Plastiki itakayotumika si mara mbili, ni mara nane, na uzito vilevile. Lakini pale begani, mkono unapokutana na mwili, eneo la plastiki linalosuguana limeongezeka mara nne tu. Msuguano huo ndio unaoushikilia mkono usianguke. Kwa hiyo mkono mzito mara nane umekabidhiwa kwa bega lililoongezeka mara nne, na mkono wenyewe umerefuka, unazidi kulivuta bega chini. Hii ndiyo sababu roboti kubwa ya bei nafuu husimama mikono ikiwa imening'inia, na ukiinyanyua inarudi chini kama mlango uliolegea bawaba.

Kampuni zinazojali hulijua hilo. Kwenye roboti kubwa huweka viungo vya meno: ndani ya bega kuna gurudumu dogo lenye meno na springi inayolibana, na ukikunja mkono unasikia krr, krr, krr, kila mlio ukiwa ni hatua moja. Kiungo cha namna hiyo kina vipande vingi na kinagharimu. Anayetaka kuuza kikubwa kwa bei ya kidogo hawezi kukiweka. Ataweka kijiti cha plastiki kwenye tundu la plastiki, basi.

Hapa ndipo wanaorudufu wanapoingia. Kwa miaka mingi sasa viwanda visivyo na kibali, hasa nchini China, vimekuwa vikichukua roboti halisi, kuipima kila kipande, kisha kuitoa upya ikiwa imekuzwa. Wakusanyaji wana jina maalumu la nakala hizo na mapenzi yenye mashaka nazo, maana chache ni nzuri kweli: wamebadilisha viungo, wameongeza chuma, wamepaka rangi ambayo ile ya asili haikupata. Nyingi zaidi zimekuzwa tu. Mchoro ulioundwa kwa ajili ya roboti ya sentimita 14 umelazimishwa kubeba sentimita 25, na kiungo kilichotosha kule hakitoshi huku.

Nakala si mpya. Katika miaka ya 1980 Hasbro ilisumbuliwa nazo kiasi kwamba kuanzia mwaka 1985 ilibandika kwenye midoli yake stika ndogo nyeusi inayobadilika kwa joto. Ukiisugua kwa kidole gumba, joto la mwili linaifanya nembo itokee: uso wa roboti mwema au wa roboti mwovu. Ilikuwa ni mbinu ya kutambua halali na bandia, lakini watoto waliichukua kuwa mchezo mwingine ndani ya mchezo.

Midoli mingi inayofika kwetu huanzia Guangdong, kusini mwa China, ambako wilaya ya Chenghai katika mji wa Shantou inajulikana kwa viwanda vyake vingi vya midoli. Inashuka bandarini Dar es Salaam, inaingia Kariakoo kwa jumla, na huko ndiko mfanyabiashara wa Kibiti anakoifuata. Anafunga mzigo wake kwenye buti la basi au juu ya Coaster na kurudi nao. Mwingine unaendelea hadi Nyamisati, ambako boti za Mafia na za visiwa vya delta ya Rufiji hupakia, na kutoka hapo unafika Salale na Mbwera, vijiji vyenye mikoko mbele na nyuma. Kila mkono uliopokea umeongeza chake. Mdoli uliotoka kiwandani kwa fedha kidogo sana unafika deltani ukiwa umelipiwa nauli mara nne, ilhali kiungo cha begani ni kilekile.

Wala chuma hakimalizi tatizo. Watu wengi wakipima mdoli mkononi huusifu kwa uzito: "Hii nzito, hii imara." Wakusanyaji waliamini hivyo pia. Mwaka 2003 Takara ilitoa Optimus Prime wa kwanza wa mfululizo wa Masterpiece, mwenye takriban sentimita 30 na chuma kingi mwilini, akashangiliwa. Mwaka 2011 kampuni, ambayo tangu mwaka 2006 ilikuwa imeungana na Tomy, ikatoa mwingine mwenye kama sentimita 25, mwepesi zaidi na mwenye tela lake. Wengi walimpenda huyu wa pili. Anasimama vizuri zaidi, anakunja goti, anageuka lori bila kulazimishwa. Chuma kilikuwa kimeongeza uzito kuliko kilivyoongeza nguvu, na rangi iliyopakwa juu ya chuma hubanduka vipande viungo vinaposuguana.

Plastiki yenyewe si moja. Mwili wa roboti nzuri mara nyingi ni wa ABS, plastiki ngumu inayong'aa, ileile ya matofali ya Lego. Sehemu zinazozunguka hutakiwa ziwe za plastiki nyingine yenye utelezi kidogo na isiyopasuka haraka. Roboti ya bei ya chini hutumia aina moja kwa kila kitu, tena mara nyingi imechanganywa na plastiki iliyokwisha kuyeyushwa mara nyingine. Ukiikunja inatoa weupe kwenye kona. Weupe huo ni ufa unaoanza. Na hata makampuni makubwa yameadhirika: baadhi ya midoli ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na ya miaka ya 1990 ilitiwa plastiki yenye unga wa rangi ya dhahabu, na baada ya miaka kadhaa plastiki hiyo ikaanza kusagika yenyewe. Watu wamefungua maboksi ambayo hayajawahi kuguswa wakakuta roboti imekatika kiunoni. Bei kubwa haikuizuia.

Na bei inaweza kuwa kubwa kweli. Mwaka 2019 Hasbro ilitangaza Unicron, roboti inayogeuka sayari, kwa dola 574.99, kwa sharti kwamba ingetengenezwa tu wakipatikana wanunuzi 8,000 waliolipa ahadi. Walipatikana. Ina kimo cha karibu sentimita 69, na kwa thamani ya shilingi wakati ule ilizidi milioni 1.3. Mwaka 2021 ikatangazwa nyingine, ya kampuni ya Robosen, iliyoanza kuuzwa kwa dola 699: Optimus Prime anayejigeuza mwenyewe akiamriwa kwa sauti, akiwa na mota ndogo 27 mwilini. Hiyo ya pili ndiyo inayonisisimua. Sehemu kubwa ya bei yake imekwenda mahali palepale ninapopasema tangu mwanzo, kwenye viungo, kwa sababu kila kiungo kimepewa mota yake.

Sasa turudi mezani. Tuseme muuzaji ni kijana, na mnunuzi ni mama wa makamo aliyekuja na mjukuu.

"Shikamoo mama. Chukua hii kubwa, mtoto atafurahi."

"Marahaba mwanangu. Bei gani?"

"Kumi na mbili. Na hii ndogo, kumi. Kwako kubwa nitakupa kumi."

"Nifungulie kwanza."

"Mama, boksi likifunguliwa sitaliuza tena."

"Nifungulie ile ya mfano basi. Siwezi kulipia kitu nisichokijua."

Akishafunguliwa, afanye hivi. Aunyanyue mkono wa roboti hadi usawa wa bega, auachie. Ukibaki, vizuri, ukishuka, arudishe. Aisimamishe kwa miguu yake miwili bila kuegemea kitu, kwa sababu roboti isiyosimama mchana wa kwanza haitasimama tena. Aitazame kwa nyuma, atafute skrubu. Skrubu ndogo kwenye mapaja na mgongoni zina maana kwamba kitu kinaweza kufunguliwa kwa bisibisi na kukazwa. Pasipo na skrubu hata moja, mara nyingi vipande vimebandikwa kwa gundi, na gundi ikiachia mambo yamekwisha. Kisha amwachie mjukuu aigeuze mwenyewe mara moja. Mtoto wa miaka 6 akihitaji kutumia nguvu hadi kucha zigeuke nyeupe, ataivunja kwa nguvu hizohizo, na kosa halitakuwa lake.

Kwa roboti ambayo tayari iko nyumbani na imelegea, wakusanyaji wana dawa yao, nayo inapatikana duka lolote la vipodozi Kibiti: rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ya maji. Chomoa kiungo cha kidonge, yaani kile cha mviringo kinachozunguka ndani ya tundu, paka tabaka jembamba kwenye kidonge chenyewe, acha kikauke kabisa, hata usiku kucha, kisha rudisha. Kidonge kimenenepa kidogo na tundu linakibana tena. Haraka ndiyo inayoharibu: ukirudisha kabla hakijakauka, kiungo kitaganda na siku mtoto atakapokikunja kitakatika.

Watoto wa huku, hata hivyo, hawahitaji kufundishwa kiungo ni nini. Angalia mtoto anavyounda gari lake la dumu. Anakata dumu la mafuta ya kula la lita moja, anachoma matundu manne kwa msumari uliopashwa moto, anapitisha vijiti viwili kuwa ekseli, na magurudumu anayakata kwenye soli ya ndala iliyokufa. Kazi yote ngumu iko kwenye lile tundu. Likiwa dogo, ekseli haizunguki na gari linaburuzwa. Likiwa kubwa, gurudumu linayumba na gari linakwenda upande. Atajaribu kwenye mchanga, atalitoa, atakwangua kijiti kwa wembe, atajaribu tena. Nimemwona mmoja akimpa mwenzake gari ajaribu, na mwenzake hakulitazama kwa juu hata kidogo. Alilipindua, akazungusha gurudumu kwa kidole, akasikiliza, ndipo akasema ni zuri. Vivyo hivyo kwa kijahazi cha karara la mnazi: watoto wa kando ya maji hukigombania kinachokwenda moja kwa moja, hata kama ni kifupi.

Mtoto huyohuyo akifika mezani siku ya Idi anasahau yote hayo, kwa sababu boksi limefungwa na hawezi kuligusa. Analoweza kupima ni ukubwa tu, maana ndicho kitu pekee dirisha la nailoni linachomruhusu kukiona. Kwa hiyo simlaumu kwa kuchagua kubwa.

Kuna jambo moja ambalo si la ubora wala bei, nalo haliwezi kuachwa. Roboti nyingi za sasa zina taa na sauti, na taa hizo huendeshwa na betri ndogo za duara kama za saa. Tazama mlango wa betri. Lazima uwe umefungwa kwa skrubu. Ukifunguka kwa ukucha, usiinunue kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa. Betri ya namna hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama za ndani katika muda wa saa 2. Ukishuku kuwa mtoto ameimeza, usingoje aonyeshe dalili na usimtapishe. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Kwa wakazi wa Mchukwi, hospitali ya misheni iko palepale. Angalia pia ngumi, silaha na visigino vinavyochomoka. Kipande kinachopita kwenye mdomo wa chupa ya maji kinaweza pia kumkaba mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Kwa hiyo, mwenye elfu kumi asitafute kubwa kuliko zote inayopatikana kwa elfu kumi. Atafute ndogo iliyo imara, yenye skrubu mgongoni na isiyo na taa, na chenji ikibaki amnunulie mtoto bisibisi. Mtoto wa miaka 9 aliyekwisha kukwangua ekseli kwa wembe anaweza kukaza skrubu ya roboti, na ataitunza kwa kuwa anaijua kwa ndani.

Na nyinyi wauzaji wa Mchukwi, Kibiti na Nyamisati, ombi langu ni moja. Katika kila aina mnayoleta kutoka Kariakoo, fungueni boksi moja, roboti ikae mezani, watoto waishike na kuigeuza kabla wazazi hawajalipa. Mtapoteza boksi moja. Mnunuzi atajua anachokilipia, na zile zinazovunjika siku ya kwanza mtaziona wenyewe, mtaacha kuzifuata mjini.